Maji ya bahari: Nafuu kwa ngozi nzima, hatari kwa kidonda

KILA mwezi wa Disemba, shule zinapofungwa na mabasi kutoka bara kuwasili Mombasa yakiwa yamejaa pomoni, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta hufurika watu wa kila rika.

Wapo wanaoogelea, wapo wanaokodisha mipira ya magurudumu ili waelee, na wapo wanaosimama tu majini, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakiyatazama mawimbi kana kwamba hawaamini macho yao.

Lakini ukitazama kwa makini utaona kundi jingine ambalo halikuja kucheza. Ni wazee wanaoshikwa mkono na wajukuu ili waloweshe magoti yanayowauma, akina mama wanaowaosha watoto wenye vipele, na watu wazima waliofungua bendeji makusudi ili maji ya chumvi yaingie kwenye vidonda.

Jioni, wanaporejea garini, baadhi yao huwa wamebeba chupa na mitungi ya plastiki iliyojazwa maji ya bahari, zawadi kwa jamaa wagonjwa waliobaki nyumbani.

Imani kwamba bahari ni dawa si ya jana wala juzi. Swali ambalo wengi hawajapata kujibiwa ni hili: je, imani hiyo ina ukweli?

Jibu fupi ni kwamba ina nusu ya ukweli. Nusu iliyosalia inaweza kumgharimu mtu mguu wake, au hata uhai.

Mwandishi wa makala haya aliliona hilo katika ukoo wake mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, mjomba wake aliteremka Mombasa kutoka bara akiwa na kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu. Kila alfajiri alikwenda ufuoni, akakaa majini kwa muda wa saa nzima, kisha akarudi akichechemea lakini mwenye furaha.

"Mpwa wangu, maji haya hayadanganyi," alisema. "Ikiwa chumvi huizuia nyama isioze, itashindwaje na mguu wangu?"

Alifurahi zaidi alipoona kwamba kidonda hakimuumi. Jambo ambalo hakuliambia jamaa ni kwamba alikuwa mgonjwa wa kisukari. Katika wiki ya tatu mguu ulivimba, kidole kikawa cheusi, na alipofikishwa hospitalini madaktari hawakuwa na budi kukata vidole viwili.

Hoja ya mzee huyo kuhusu chumvi na nyama ni hoja nzuri, na inastahili jibu la maana. Ili kulipata, yafaa tuanze na maji yenyewe.

Kilichomo majini

Lita moja ya maji ya bahari kuu ina wastani wa gramu 35 za chumvi. Sehemu kubwa ni chumvi ile ile tunayoitia mchuzini. Iliyosalia ni madini mengine kama vile magnesiamu, salfeti, kalsiamu na potasiamu.

Majimaji ya mwili wa binadamu, kama vile damu na machozi, nayo yana chumvi. Lakini kiasi chake kinakaribiana na gramu 9 kwa lita. Ndiyo sababu maji ya chumvi ambayo madaktari huwatundikia wagonjwa au kuoshea vidonda hutengenezwa kwa kipimo hicho cha gramu 9, kisha husafishwa hadi pasibaki kiini chochote cha maradhi.

Kwa hivyo, bahari ina chumvi karibu mara nne kuliko damu yako. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa mengi yanayompata mtu anayeoga humo.

Kanuni ni moja: penye chumvi nyingi huvuta maji kutoka penye chumvi kidogo. Mpishi aliyewahi kunyunyizia chumvi vipande vya biringani na kuona maji yakichuruzika anaijua vyema, hata kama hajawahi kuisomea darasani.

Kinachokukinga usichuruzike kama biringani ni ngozi. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa, zimepangana kama matofali ukutani, na baina yake mna mafuta yanayofanya kazi ya saruji. Ukuta huo hauruhusu chumvi wala maji kupita kwa urahisi.

Hili ni muhimu kwa sababu kuna madai mengi kwamba mtu anapooga baharini mwili wake "hunywa" madini kupitia ngozi. Ushahidi wa madai hayo ni dhaifu. Ngozi iliyo nzima huyazuia madini yasipenye kwa wingi, na kidogo kinachopenya hakiwezi kulingana na kile mtu anachopata kwa kula mboga, maharagwe na samaki.

Faida za bahari basi zipo, ila nyingi hutokana na yale ambayo maji huutendea mwili kutoka nje.

Mwili unapopungua uzito

Faida ya kwanza haihusiani na dawa yoyote iliyo majini. Mtu anaposimama majini hadi kiunoni, miguu yake hubeba takriban nusu tu ya uzito wake. Akiingia hadi shingoni, hubeba karibu sehemu moja kwa kumi.

Kwa bibi ambaye magoti yake yamelika kwa uzee, tofauti hiyo ni kubwa mno. Viungo ambavyo nchi kavu humlilia kila anapopiga hatua, majini huweza kukunjika na kunyooka bila kuelemewa. Akitembea taratibu kwa nusu saa majini, misuli yake inafanya mazoezi ambayo asingeyaweza barazani kwake.

Bahari hufanya kazi hiyo vizuri kuliko kidimbwi cha maji baridi kwa sababu chumvi huyafanya maji yawe mazito zaidi, na mwili ukaelea kwa urahisi. Mama mjamzito ambaye mgongo unamuuma hupata nafuu kwa njia hiyo hiyo, mradi maji yawe safi na matulivu na daktari wake asiwe amemkataza.

Jambo la pili ni lile ambalo watu wengi huliona lakini hawalielewi. Mara tu baada ya kuingia majini, mtu husikia haja ndogo.

Wengine hudhani ni sumu inayotolewa mwilini. Sivyo. Uzito wa maji huibana miguu na tumbo, na damu iliyokuwa huko husukumwa kuelekea kifuani. Moyo unapotanuka kwa wingi wa damu, mwili hudhani una maji kupita kiasi, na homoni huamrisha figo ziyapunguze.

Funzo lake ni kwamba mtu aliyekaa majini muda mrefu hutoka akiwa amepungukiwa na maji hata kama hakutokwa na jasho. Anapaswa kunywa maji safi. Aidha, mwenye maradhi ya moyo aulize daktari kwanza, kwa kuwa damu hiyo inayorudi kifuani kwa wingi ni mzigo kwa moyo uliochoka.

Ngozi, pua na mapafu

Ngozi ndipo sifa za bahari zilipo nyingi zaidi. Hapa pana utafiti wa kutegemewa, ijapokuwa mara nyingi hunukuliwa visivyo.

Mwaka wa 2005, watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu wenye ngozi kavu inayowasha walitumbukiza mkono mmoja katika maji yaliyotiwa chumvi ya Bahari ya Chumvi, na mkono wa pili katika maji ya bomba, kwa muda wa dakika 15. Baada ya wiki sita, ngozi ya mkono ulioingia katika maji ya chumvi ilikuwa na unyevu zaidi, na wekundu ulikuwa umepungua. Watafiti hao waliitaja magnesiamu kuwa sababu inayowezekana.

Wagonjwa wa soriasisi, maradhi yanayoifanya ngozi iwe na mabaka yenye magamba, nao wamekuwa wakisafiri kwa miongo mingi hadi kwenye Bahari ya Chumvi, na wengi hupata nafuu ya muda.

Lakini msomaji ajihadhari. Bahari ya Chumvi, iliyo kati ya Jordan na Israeli, si Bahari ya Hindi. Maji yake yana chumvi karibu mara kumi kuliko ya bahari ya kawaida, na magnesiamu ni nyingi kupita kiasi. Zaidi ya hayo, iko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, na hewa nzito iliyo juu yake huchuja baadhi ya miale mikali ya jua. Wagonjwa hao hutibiwa kwa maji na jua kwa pamoja, chini ya uangalizi.

Bamburi, Diani au Shela huwezi kupata mchanganyiko huo. Unachoweza kupata ni kwamba maji ya chumvi hulainisha magamba, hupunguza mafuta usoni na kukausha chunusi kwa siku chache. Usipoisuuza chumvi kwa maji baridi, hiyo hiyo itaikausha ngozi na kuifanya iwashe.

Upele unaoambukizwa na vidudu vinavyochimba chini ya ngozi hauponi kwa kuoga baharini. Choa nacho ni kuvu, na hutibiwa kwa dawa ya kuvu. Mama anayempeleka mtoto ufuoni badala ya zahanati anamwongezea siku za kujikuna, na ndugu zake nao wataambukizwa.

Kuhusu pua, wazee walikuwa sahihi. Maji ya chumvi hulegeza kamasi nzito na kupunguza uvimbe wa ndani, na ndiyo maana watu hupenga sana baada ya kuogelea. Maduka ya dawa huuza maji ya bahari yaliyosafishwa kwa kazi hiyo. Neno la kuzingatia ni "yaliyosafishwa".

Kwenye mapafu pana kisa cha kusisimua. Nchini Australia, madaktari waligundua kwamba vijana wenye maradhi ya kurithi yaitwayo cystic fibrosis, ambayo huyajaza mapafu makohozi mazito, walikuwa na hali bora zaidi ikiwa walikuwa wakiteleza kwenye mawimbi ya bahari. Uchunguzi huo ulisababisha majaribio ya kuvuta mvuke wa maji yenye chumvi nyingi, na matokeo yalipochapishwa mwaka wa 2006 yalionyesha kuwa wagonjwa walipata nafuu. Tiba hiyo inatumika hadi leo.

Basi bahari iliwapa madaktari wazo. Lakini wao hawakuwarudisha wagonjwa baharini na kuishia hapo. Walipima kiasi cha chumvi, wakayasafisha maji, na ndipo wakayageuza kuwa dawa.

Imani ya zamani

Si watu wa Pwani peke yao walioitegemea bahari. Katikati ya karne ya 18, daktari Mwingereza Richard Russell aliandika kitabu kilichowahimiza wagonjwa waoge baharini na hata kuyanywa maji yake. Mji wa Brighton, uliokuwa kijiji cha wavuvi, ulipata umaarufu kutokana na wagonjwa waliomfuata huko.

Mwaka wa 1791, hospitali ya kuoga baharini ilianzishwa Margate, Uingereza, hasa kwa ajili ya maskini waliougua kifua kikuu cha tezi. Nchini Ufaransa, daktari Louis Bagot alifungua kituo cha tiba ya maji ya bahari mjini Roscoff mwaka wa 1899.

Kwetu, miji ya Waswahili ilikuwa na desturi ya kuoga mwaka, ambapo watu waliingia baharini ili kuosha nuksi za mwaka uliopita. Huko Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa ungali unaadhimishwa kila Julai.

Tusiwacheke waliotutangulia. Wagonjwa wa Margate walitibiwa kwa bahari, hewa na jua kwa kuwa hapakuwa na kingine. Dawa ya kwanza iliyoweza kuviua viini vya kifua kikuu, streptomaisini, iligunduliwa mwaka wa 1943. Tangu dawa za namna hiyo zipatikane, hakuna daktari ambaye angemtuma mgonjwa wa kifua kikuu akatibiwe na mawimbi.

Sifa nyingine zinazosambaa siku hizi ni za kuoga katika bahari baridi, kama zile za Ulaya. Maji huuondoa joto mwilini takriban mara 25 kwa haraka kuliko hewa, na baridi ya ghafla humfanya mtu apumue kwa kasi na moyo wake udunde kwa nguvu. Mema na mabaya yanayosimuliwa kuhusu jambo hilo hayatuhusu sana, maana maji ya pwani yetu huwa na joto la nyuzi 25 hadi 29 karibu mwaka mzima.

Joto hilo ni raha kwa mwogaji. Kwa bahati mbaya, ni raha pia kwa bakteria.

Chumvi, nyama na kidonda

Sasa turejee kwenye hoja ya mzee. Ni kweli kwamba chumvi huizuia nyama isioze. Ng'onda hudumu kwa miezi kwa sababu samaki hufunikwa kwa chumvi tele na kukaushwa juani hadi bakteria wakakosa maji ya kuishi.

Lakini bahari si pipa la ng'onda. Gramu 35 kwa lita ni kipimo ambacho viumbe wasio na idadi wamekizoea. Mililita moja tu ya maji ya bahari huwa na bakteria wapatao milioni moja, kumaanisha kwamba kijiko kimoja cha chai kina karibu milioni tano.

Wengi wao hawana madhara. Ila wamo wachache walio hatari, na miongoni mwao ni Vibrio vulnificus, jamaa wa bakteria anayesababisha kipindupindu. Huyu hupenda maji yenye joto, hasa kwenye midomo ya mito ambapo maji ya chumvi na maji baridi huchanganyika.

Anapoingia kwenye kidonda, anaweza kuila nyama kwa kasi ya ajabu. Kwa mujibu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), karibu mtu mmoja kati ya watano wanaoambukizwa hufariki, wengine ndani ya siku moja au mbili tangu waanze kuugua.

Maambukizi hayo ni nadra, na mtu mwenye afya asiihofu bahari kwa sababu yake. Walio hatarini zaidi ni wenye maradhi ya ini, wenye kisukari na wale ambao kinga ya miili yao imedhoofika.

Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliripoti kwamba waliwachunguza watu tisa kabla na baada ya kuogelea baharini kwa dakika 10. Bakteria wa kawaida wa ngozi walikuwa wamesombwa na wa baharini kuchukua nafasi yao, wakiwemo wa jamii ya Vibrio. Ilichukua takriban siku nzima ngozi kukaribia kurudia hali yake ya awali.

Kwa mwenye ngozi nzima, hao ni wageni wa kupita. Kwa mwenye kidonda, mlango umeachwa wazi.

Mgonjwa wa kisukari ana tatizo la ziada. Sukari nyingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata asihisi anapokanyaga mwamba, kigae cha chupa au mchanga uliochomwa na jua. Sukari hiyo pia huziba mishipa midogo ya damu, na kidonda kikakosa lishe ya kukiponya.

Ndiyo maana kidonda cha mzee hakikumuuma. Alidhani kutouma ni kupona, kumbe ilikuwa ishara ya kwanza ya hatari. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mguu wa mwenye kisukari ukuta huo hauna fundi wa kuujenga.

Kuyanywa ni kujidhuru

Kuna wanaoyanywa maji ya bahari ili "kusafisha tumbo". Kwamba mtu huharisha ni kweli, kwani magnesiamu na salfeti zilizomo ndizo zilizomo pia katika chumvi ya haluli. Lakini kuharisha huko si kusafishwa. Ni maji ya mwili kutoka nje.

Fikiria bilauri moja ya robo lita. Ina karibu gramu 9 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku nzima. Kwa mwenye shinikizo la damu, bilauri hiyo ni kulichochea kusudi.

Figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama ya bahari. Ili kuiondoa chumvi ya lita moja ya maji hayo, zinahitaji zaidi ya lita moja ya mkojo, na maji ya ziada hutolewa mwilini mwako. Kadiri unavyoyanywa ndivyo unavyozidi kukauka. Kwa mtoto mdogo, kiasi kidogo tu kinaweza kusababisha degedege na kifo.

Maji ya chupa yanayosafirishwa bara yana hatari hiyo hiyo, na nyingine zaidi. Baada ya kukaa siku kadhaa katika joto la basi, si yale yaliyotekwa ufuoni.

Uchafu usioonekana

Kuna jambo ambalo wazee waliotusifia bahari hawakulikuta. Miji imekua, na majitaka yamekua pamoja nayo.

Mombasa haina mabomba ya majitaka yanayofikia kila nyumba, na kwa miaka mingi wanasayansi wamechunguza jinsi maji machafu ya mitaa yanavyoishia kwenye mikoko ya Mikindani na hori ya Tudor. Mvua kubwa inaponyesha, vyoo vya mashimo na mitaro hufurika, na yote huteremka baharini.

Wakazi wa Nairobi nao wasijione hawahusiki. Mto Nairobi huingia Mto Athi, ambao ukiteremka huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji yake kaskazini mwa Malindi. Wakati wa mvua, bahari ya huko hugeuka rangi ya kahawia kwa udongo wa bara.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha mwaka wa 2018 uchambuzi wa tafiti 19 zilizohusisha zaidi ya watu 120,000 katika nchi tajiri. Walibaini kwamba wanaooga baharini wana uwezekano wa kupata matatizo ya masikio maradufu ya wasiooga, na uwezekano wa maradhi ya tumbo huongezeka kwa asilimia 29. Ikiwa hali ni hiyo mahali ambapo majitaka husafishwa, sisi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi.

Afanyeje anayekwenda ufuoni?

Hakuna sababu ya kuikimbia bahari. Mwenye afya na ngozi nzima aingie, aogelee na afurahi. Haya machache yatamfaa.

Kwanza, asiye na hakika kama ana kisukari apimwe kabla hajaanza "kujitibu" kwa bahari. Mwenye kukijua kisukari chake avae viatu ufuoni na majini, na akague nyayo zake kila jioni, au amwombe mjukuu amkagulie.

Pili, mwenye kidonda kibichi asiingie. Hii inamhusu aliyefanyiwa upasuaji, mama aliyejifungua karibuni, kijana aliyetoka jandoni na hata aliyechorwa chale. Asubiri hadi ngozi ifunge.

Tatu, ukikatwa na mwamba ukiwa majini, toka. Osha jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, lifunike, na uulize kama unahitaji chanjo ya pepopunda. Ukiona maumivu makali yasiyolingana na ukubwa wa jeraha, wekundu unaoenea, malengelenge au homa, nenda hospitalini saa hiyo hiyo, na umweleze daktari kwamba ulikuwa baharini. Neno hilo moja linaweza kumsaidia achague dawa inayofaa.

Nne, usiogelee siku mbili tatu baada ya mvua kubwa, wala karibu na mdomo wa mto au mtaro. Ukitoka, suuza mwili kwa maji baridi, inamisha kichwa maji yatoke masikioni, na usichokonoe kwa kijiti.

Tano, chunga jua. Maji hayakukingi dhidi ya miale yake, na upepo wa bahari hukuficha joto hadi uwe umeungua. Epuka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hasa ikiwa una watoto wachanga. Kwa watu wenye ualbino, kofia, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua si anasa, ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi.

Sita, fahamu majira ya bahari. Wakati wa kusi mawimbi huwa makali kuliko wakati wa kaskazi, na maji yanapokupwa huweza kumvuta mtu hadi kwenye mlango wa miamba. Oga palipo na waokoaji, usilewe, na usimwondolee mtoto macho.

Mjomba aliishi miaka mingine baada ya hospitali, na hakuacha kuipenda bahari. Kila alipotutembelea alitaka apelekwe ufuoni, akaketi juu ya kiti cha mbao mahali ambapo wimbi hufika likiwa limechoka, viatu miguuni.

Alipoulizwa na watalii kutoka kwao bara kama ni kweli maji yale ni dawa, alikuwa akiwaonyesha mguu wake kwanza, kisha akiwauliza: "Mmeshapimwa sukari?"